Kuatamia Ngozi ya Mama Mdogo

Chumba chetu cha maabara hakikuwa na dirisha. Zamani lilikuwapo, lakini Daktari aliliziba kwa mbao na plasta wiki ile ile aliyokabidhiwa funguo, kwa sababu alisema vumbi la Upanga na seli hai haviwezi kukaa nyumba moja. Mlango ulikuwa mmoja, mzito. Ukishaingia, ukanawa, ukavaa koti na barakoa na glavu, kutoka ilikuwa shughuli, maana ukitoka lazima uanze upya. Feni hatukuwa nayo, maana ingepeperusha vijidudu. Nilifanya kazi nikitiririka jasho, na tone la jasho likidondoka mezani niliifuta meza nzima kwa spiriti.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipokuwa ikipunguza watu kazini na kila mtu akifungua biashara. Tulianza watatu pale. Mmoja akaacha akaenda kuuza mitumba Kariakoo, wa pili akamfuata kaka yake kwenye duka la vipuri. Nilipokutana na yule wa mitumba Mtaa wa Msimbazi, amevaa miwani ya jua na saa mpya, aliniuliza, "Wewe bado uko kwenye shimo lile?"

"Bado."

"Toka huko, bwana. Bongo imefunguka."

Sikuwa na pa kutokea. Nilikuwa nimesomea ufundi wa maabara na sikujua kupiga kelele za kuita wateja. Isitoshe, kazi yenyewe nilikuwa naipenda, ingawa chumba kilinibana kifua.

Daktari alikuwa Mhindu, mtoto wa Upanga hapo hapo. Baba yake aliuza vitambaa maisha yake yote. Alisoma Japani, akarudi na boksi moja la sahani ndogo za plastiki, pana kama kiganja, zenye vifuniko. Kwa macho zilikuwa sahani za kawaida za kukuzia seli. Siku ya kwanza aliinua moja kwenye taa na kuniuliza naona nini.

"Sahani," nikamjibu.

"Imepakwa kitu ndani. Huwezi kukiona, hata hadubini hii yetu haikioni." Akanieleza kwamba mpako ule ni aina ya plastiki inayobadilika kwa joto. Ukiweka seli za ngozi juu yake katika joto la mwili wa mtu, mpako unakauka na kujikunyata, na seli zinaukubali. Zinalala, zinajinyoosha, zinashikana na sahani na zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa kitu kimoja. Katika sahani nyingine, ukitaka kuzitoa lazima umwage dawa ya kukata vishikizo vyake, na dawa hiyo haichagui: inakata hata pale seli zilipofungana, unabaki na uji. Lakini sahani hizi ukizipoza chini ya nyuzi thelathini na mbili, mpako unakunywa maji, unafura, na seli zinaachia zenyewe. Ngozi nzima inabanduka kama ilivyo, unaichukua, unambandika aliyeungua.

"Joto linashika, baridi inaachia," alisema. "Basi. Hakuna uchawi."

Tulikuwa bado tunajifunza, tukikuza vipande vidogo vya ngozi walivyotoa madaktari wa upasuaji, siku mlango ulipogongwa kwa vishindo. Nilikuwa na sahani mkononi. Nikairudisha kwenye kabati la joto, nikavua glavu, nikafungua. Alikuwa mpangaji wetu wa Kariakoo, mama mtu mzima, kanga imemteleza kichwani.

"Twende," akasema. "Jiko limemlipukia mama yako mdogo."

Mama mdogo ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki mimi sijaanza kuota meno ya pili, na mama mdogo, ambaye hakujaliwa mtoto, alinichukua akanipeleka kwenye nyumba ya babu, nyumba ya Kiswahili ya ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Alikuwa anapika vitumbua kila alfajiri kwenye jiko la mchina. Siku hizo mafuta ya taa yalikuwa yanauzwa na kila mtu, kwenye kila chupa, na mengine yalichanganywa na petroli. Siku ile, mimi nimeshaondoka kwenda kazini, alipowasha utambi ndipo moto ukamrukia.

Nilimkuta wodini, hospitali ya ng'ambo ya barabara kutoka maabara, amelazwa chali. Ameungua kuanzia kidevuni, shingo, kifua, mpaka mkono wa kulia. Juu yake waliweka fremu ya chuma iliyoinua shuka lisimguse, na juu ya fremu chandarua. Aliniona akasema kwa sauti ndogo, "Wamenifunika na tenga kama kuku wa sokoni."

Siku zilizofuata nilijua maana ya bandeji. Kila zilipobadilishwa zilikuwa zimegandamana na kidonda, na zilipotolewa zilitoka na ule utelezi mwekundu mpya ambao mwili wake ulihangaika kuuotesha. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Wakati wa bandeji hakusema neno. Alitazama dari na kunibana vidole kwa mkono wake mzima mpaka vikafa ganzi. Na shingo ilipoanza kupona ilipona vibaya. Ngozi ilijikunja, ikawa inavuta kidevu kwenda kifuani, kidogo kidogo kila wiki. Alianza kututazama kwa juu ya nyusi kwa sababu hakuweza kuinua uso.

Daktari alikuja kumwona kwa sababu mimi nilikuwa nashinda wodini kuliko maabara. Alisimama pembeni ya kitanda, akaunganisha mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye bosi wa huyu?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba kitu." Akamweleza taratibu: wachukue kipande cha ngozi kwenye paja lake, kidogo kama ukucha wa dole gumba, wakipeleke maabara, kikue mpaka kiwe kikubwa, kisha madaktari wa upasuaji wafungue ile mikunjo ya shingo na kumrudishia ngozi yake mwenyewe. Akamwambia pia ukweli, kwamba kwetu hapa hajafanyiwa mtu, na kwamba huenda isishike.

Mama mdogo akawaza. "Na huko mtakakoipeleka, itakula nini?"

Daktari akanitazama. Nikajibu mimi: "Dawa za maji, mama. Na majimaji ya damu ya ndama."

"Ndama kachinjwa na nani?"

Ndama wale walichinjwa Ulaya, na damu yao ililetwa ndani ya chupa imegandishwa. Daktari akasema, "Mama, mimi ni Mhindu. Ng'ombe kwetu haguswi. Kila asubuhi naishika chupa ile, na mama yangu hajui mpaka leo."

Mama mdogo alicheka, akaumia, akacheka tena. "Basi tutakwenda motoni pamoja, na moto mimi nimeshauzoea. Chukueni."

Kwa hiyo nikawa naikuza ngozi ya mtu aliyenikuza. Mwanzoni ilikuwa ni chembe chache zilizotawanyika kwenye sahani. Nilizitazama kwa hadubini asubuhi na jioni, nikawabadilishia maji. Nasema nikawabadilishia, kwa sababu sikuweza tena kuziita vitu. Zilisogeleana, zikagusana, mwisho zikajaa kama mawe ya sakafu. Nikitoka maabara nilikwenda wodini, nikitoka wodini nilikwenda nyumbani Kariakoo kulala kwenye chumba ambacho ukuta wake ulikuwa bado mweusi kwa moto ule, na asubuhi nikarudi. Kulikuwa na mtu aliyekuwa ananiposa, mwalimu, amepata uhamisho Mwanza. Alinisubiri kwa muda wa kutosha kabisa. Siku moja alikuja kuniaga pale mlangoni pa maabara, mimi nimevaa barakoa, na tukaagana hivyo, bila hata kuiteremsha, kwa sababu sahani zilikuwa nje ya kabati na sikuweza kuchelewa. Alioa mwaka uliofuata. Simlaumu.

Ngozi ya kwanza ilikomaa wakati wa kaskazi, joto lile la kabla ya mvua ambalo hata usiku shuka linalowa. Siku hiyo umeme ulikuwa wa mgao, umekatika tangu asubuhi. Wodini walikuwa wamemtayarisha mama mdogo, hajala. Daktari alitoa sahani kwenye kabati, akaiweka mezani, tukakaa kuisubiri ipoe.

Haikupoa. Tulisubiri, akaichungulia, ngozi imeshika vile vile. Akaitikisa polepole. Imeshika. Akachukua kipimajoto cha ukutani, akakitazama, kisha akakaa kwenye stuli kama mtu aliyepigwa.

"Dada," akasema, "Japani ukiitoa sahani nje, chumba chenyewe ni baridi. Sikuwahi kufikiri hili hata mara moja. Hiki chumba chetu kina thelathini na nne."

Hewa ya Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na joto la kutosha kuizuia ile ngozi isiachie. Friji yetu ilikuwa imekufa na umeme. Tulihitaji barafu.

Nilitoka mbio. Upanga nzima watu waliuliza, "Barafu? Leo?" Nikaenda Kariakoo kwa mguu, kwa yule jirani aliyekuwa akiuza barafu za ubuyu, alifungua friza lake nikaona vifuko vyote vimekuwa maji mekundu. Nikaenda sokoni, nikashuka kule chini tunakokuita shimoni, nikapita kwenye viazi na vitunguu mpaka kwa wauza samaki. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefunika changuu wake kwa gunia lenye pumba za mbao, na chini ya pumba kulikuwa na bonge la barafu ya kiwandani.

"Shikamoo baba. Naomba unimegee barafu."

"Marahaba. Nikikumegea, samaki wangu watalala wapi?"

Nikamwambia ni ya mgonjwa. Akaniuliza mgonjwa wa nini, nikamwambia ameungua, nikataja nyumba yetu. Kumbe alikuwa akinunua vitumbua vya mama mdogo kila siku. Alipasua lile bonge kwa kisu cha kuparia, akanipa nusu, amelifunga kwenye gunia, na hakusema tena habari za samaki.

Nililibeba kichwani. Maji baridi yalinitiririka shingoni mpaka mgongoni, njia nzima, na jinsi yalivyotiririka ndivyo nilivyozidi kukimbia. Nilipofika Daktari alikuwa amesimama mezani, mgongo wake kwangu. Hakugeuka. Wodini walikuwa wameleta ujumbe mara mbili kwamba chumba cha upasuaji kinahitajika kwa mgonjwa mwingine. Alikuwa amejaribu kuibandua ngozi kwa kijiko cha plastiki. Ilikuwa imechanika vipande vinne, na kila kipande kimejikunja kama ganda la kitunguu.

"Nimeiharibu," akasema.

Nikaliweka gunia kwenye beseni. Sikumjibu kwa sababu kama ningefungua mdomo ningemtukana, na alikuwa mkubwa wangu, na alikuwa analia.

Mama mdogo alipoambiwa kwamba leo haiwezekani, alisema tu, "Nipeni uji basi." Usiku ule kidevu chake kilikuwa karibu kugusa kifua.

Tulianza upya. Kulikuwa na seli nyingine tulizoziweka akiba, na sahani zilizobaki zilikuwa chache. Daktari alikuwa amewaandikia wa Japani, lakini zile walikuwa wakizitengeneza wenyewe kwa mkono na hawakuwa na nyingine za kutuma. Tukakubaliana: sahani mbili, siku ya kubandua barafu iwepo kabla. Daktari alileta kutoka kwa mama yake kasha la kuhifadhia barafu, lile la kwendea pikniki. Tulijiandaa kwa joto tu.

Kisha masika ikaingia, na jiji likapoa kwa siku moja.

Wakati huo nyumba ile ya maabara ilikuwa imegawanywa. Mbele alipangishwa mfanyabiashara aliyeleta redio na betri kutoka Dubai, naye akaweka geti la chuma kwenye korido na mnyororo, kwa usalama wa mali yake. Mtunza stoo wake alijua kwamba nyuma kuna watu. Lakini siku ile mvua ilikuwa kubwa, maji yamejaa barabarani, bonde la Msimbazi limefurika, watu wanakimbilia makwao. Alifunga geti akaondoka. Nadhani aliona giza nyuma akafikiri nimekwisha ondoka. Umeme ulikuwa umekatika.

Mimi nilikuwa ndani, napasha moto maji kwenye jiko dogo la spiriti ili niweke chupa za moto ndani ya kabati, kama tulivyozoea kila mgao. Spiriti ikaisha. Nikatoka kwenda kuomba maji ya moto jikoni hospitali, nikakuta mnyororo. Nikatikisa geti. Nikaita. Mabati yalikuwa yananguruma kwa mvua, sikujisikia hata mimi mwenyewe.

Nikarudi chumbani nikatazama kipimajoto cha kabati kwa tochi. Kilikuwa kinashuka. Thelathini na tano. Nikaweka mkono juu ya kabati kama vile ningeweza kulizuia. Ngozi ilikuwa bado changa, imebakiza siku chache. Ikiachia sasa ingeelea na kujikunja, na hapangekuwa na nyingine. Mara ile tuliibembeleza iachie ikakataa. Leo tulitaka ishike, na baridi ilikuwa inaingia chini ya mlango pamoja na maji.

Sikufikiri sana. Nilizitoa zile sahani mbili, nikaziba vifuniko vyake kwa mkanda, nikazifunga kwenye karatasi ya alumini iliyochemshwa. Nikapanda mezani, nikalala chali, nikafungua vifungo vya gauni, nikaziweka tumboni pangu, moja juu ya kitovu na nyingine chini ya mbavu. Katikati yake nikaweka kipimajoto. Juu nikaweka koti, na juu ya koti kanga niliyokuja nayo, na viganja vyangu vyote viwili.

Halafu sikuweza kufanya kitu kingine chochote. Nikiinuka, maji ya seli yatamwagika upande mmoja. Nikigeuka, vile vile. Hata kupumua nilipumua juu juu, kifuani, ili tumbo lisipande na kushuka. Chumba kilikuwa kiza kitupu. Tochi niliiwasha mara moja moja kutazama kipimajoto, kisha naizima nisimalize betri, ilhali upande wa pili wa ukuta, kwa yule wa redio, kulikuwa na maboksi na maboksi ya betri. Thelathini na nne. Thelathini na nne na nusu. Thelathini na tatu, mpaka nikasugua viganja vikapata moto.

Kuna wakati nilisikia watu koridoni, nje ya geti, wamejikinga mvua. Mwanamume na mwanamke, wanacheka. Niliita nikiwa nimelala. Waliendelea kucheka. Ningeshuka mezani na kupiga mlango kwa kiatu wangenisikia, na mtu angetafuta funguo, na ningetoka. Mwili mzima ulinituma nishuke. Kile chumba, ambacho nilikichukia miezi yote ile bila kumwambia mtu, kilikuwa kimenikalia kifuani kama mtu mzima; nilihisi hewa imekwisha, nilihisi plasta ya lile dirisha inanisogelea. Meno yalikuwa yananigonga. Nilisema Ayatul Kursii kwa sauti. Nilipomaliza nilianza tena. Wale watu wakaondoka.

Sikumbuki nilifikiri nini baada ya hapo, isipokuwa kwamba nilimkasirikia mama mdogo. Nilimkasirikia kwa kuungua. Nilimkasirikia kwa kunilea, maana kama asingenilea nisingekuwa pale, nimelala kama maiti na ngozi yake tumboni, na Mwanza kungekuwa na nyumba yangu. Hasira ile ilinipasha moto kuliko kanga. Kisha ikapita, nikakojoa pale pale mezani, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine, na nikaendelea kulala.

Jioni nikasikia mnyororo. Daktari alikuwa ametoka wodini, akapita kuona kama kabati liko salama, akakuta geti, akapita kwenye maji yaliyomfika magotini kumtafuta yule mtunza stoo.

"Dada! Uko humo?"

"Niko. Usiwashe taa usoni. Na usiniinue."

Alikuja taratibu. Nilimwambia zilipo sahani. Nikamsikia anavua shati.

"Haya, zamu yangu," akasema. "Mimi nina tumbo kubwa kuliko wewe."

Tulizihamisha moja moja, kama mayai. Alipanda kwenye meza ya pili akalala, na mimi nikaketi sakafuni, miguu imekufa, nikaona kwa mwanga wa tochi daktari mzima aliyesoma Japani amelala kifua wazi na kanga yangu ya maua juu yake, ananiuliza kwa kunong'ona, "Unafikiri ukilala hivi unaweza kupiga chafya?" Nilicheka mpaka nikalia. Umeme ulirudi baadaye kidogo. Tulizirudisha kwenye kabati, tukazitazama kwa hadubini. Sahani moja ilikuwa imeanza kuachia pembeni, ukingo umenyanyuka kama karatasi iliyolowa. Ya pili ilikuwa imeshika yote.

Siku ya kubandua ilikuwa ya mawingu. Hatukuhitaji barafu; tuliitoa ile sahani moja iliyosalimika, tukaifunika, tukasubiri, na ngozi ikaanza kuachia pembeni, ikaja katikati, ikaelea nzima. Ilitokea kimya kimya, bila uchawi, kama alivyosema Daktari siku ya kwanza. Tuliilaza kwenye kitambaa chenye matundu, tukaivusha barabara hadi hospitali, Daktari ameshika beseni na mimi nimeshika mwavuli.

Mama mdogo aliomba aione kabla hawajamlaza usingizi. Daktari akainamisha beseni kwa sababu mgonjwa hakuweza kuinua kichwa.

"Ndiyo hii?" akasema. "Miezi yote hii? Mbona kama malai ya maziwa?"

"Malai hasa, mama," Daktari akajibu. Neno lile la utando wa maziwa ni la Kihindi na la Kiswahili pia, wote wawili walilijua.

Ilishika shingoni. Sehemu iliyoshukia kifuani haikushika; usaha uliingia, ikaoza ndani ya wiki, na pale walibandika ngozi ya paja kwa njia ya kawaida, akabaki na makovu kama kamba. Lakini shingoni ilishika, nyembamba, ya rangi ya waridi kwanza na baadaye nyeupe kama ya mwali aliyefungiwa ndani, na siku waliyofungua bandeji ilitoka kavu, bila kung'ang'ania. Aliinua kidevu polepole sana. Alitazama dari, akatazama mlango, akanitazama mimi usoni.

"Umekonda," akasema. "Unakula kweli?"

Hatukufanya tena kwa mgonjwa mwingine. Sahani zilikwisha, na wafadhili waliotusaidia walisema siku hizi maabara zijitegemee. Mfanyabiashara wa redio akachukua chumba chetu na chumba cha pili. Daktari alikaa mwaka mmoja akihangaika, kisha familia yao ikaamua kuhamia Kanada alikokuwa dada yake. Aliniambia kuna chuo huko ambacho kinafanya kazi ya mipako kama ile, na kwamba amezungumza na mkubwa mmoja, wako tayari kunichukua nijifunze. Nilimwambia nitafikiri. Mkono wa mama mdogo ulikuwa bado unajikunja kwenye kiwiko. Kila siku, asubuhi na jioni, lazima unyooshwe na kukandwa kwa mafuta ya nazi, la sivyo ungebaki umefungwa kifuani. Hakutaka mtu mwingine aushike. Nilipomweleza habari za Kanada alisema, "Nenda, mwanangu, mimi nani nikuzuie?" na siku ile hakula, wala siku ya pili. Sikuwahi kulitaja tena. Nilipata kazi kwenye zahanati ya mtu binafsi Ilala, kusoma damu za malaria nyuma ya wavu.

Siku chache kabla hawajaondoka nilikwenda kuwaaga, kwenye fleti yao ya Upanga. Viti vilikuwa vimeshauzwa. Mama yake Daktari, bibi mwembamba mwenye sari nyeupe, alikuwa ameketi juu ya sanduku katikati ya sebule, na aliponiona alinionyesha sanduku la pili nikae.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye ulilala na ngozi." Mwanawe alikuwa amemsimulia. "Kwa nini huendi na sisi? Amesema wanakutaka kule."

"Nina mgonjwa, mama."

Akatikisa kichwa. Alinipa chapati na viazi kwenye sahani ya bati, maana ya udongo ilikuwa imefungwa. "Mimi nimezaliwa hapa," akasema. "Nimeolewa hapa. Mume wangu tumemchoma hapa hapa, majivu yake yako baharini. Sitaki kwenda hata kidogo. Lakini wote wanakwenda, nitabaki na nani? Wananiambia kuna baridi huko, mtu hatoki nje miezi."

Tulikula. Kutoka chumba kingine tulimsikia Daktari akivuta utepe wa kufungia maboksi. Yule bibi alinitazama nikila, akaongeza kiazi bila kuniuliza, akanishika goti.

"Niambie vizuri," akasema, "siku ile umefungiwa gizani, uliwezaje kutulia?"

Nikamwambia sikutulia. Nililala tu.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolihitaji. Nikamaliza chapati, nikaaga, kwa sababu ilikuwa inakaribia saa ya kumkanda mama mdogo.